Mtoto Hakumtaja Baba Yake

Ukitoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam unapita Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga, halafu gari linavuka daraja la Mto Mpiji na kuingia Bunju. Abiria wengi hata hawageuki kuutazama mto. Lakini kwa mtoto ambaye wazazi wake wametengana, mama akabaki Bagamoyo na baba akapanga Bunju, daraja lile ni mpaka wa maisha mawili. Upande huu, Mkoa wa Pwani, kuna kitanda chake, shule yake na bibi yake. Upande ule, Wilaya ya Kinondoni, kuna baba yake, ndugu za baba, na wapangaji wa nyumba moja ambao mama hawajui hata kwa sura.

Tuseme ni Ijumaa jioni. Kisa hiki ni cha mfano, sikukichukua kwenye nyumba ya mtu yeyote, lakini waliowahi kukaa kwenye mkeka wa kusuluhisha ndoa watakitambua. Msichana wa miaka minane anatayarishwa kwenda kwa baba yake. Begi la shule limetolewa madaftari, limetiwa magauni mawili, kandambili na mswaki. Mama anafunga zipu. Mtoto anaifungua, anautoa mswaki na kuushika mkononi.

"Mama, leo nisiende."

"Kwa nini?"

"Yule anko wa chumba cha uani anakuja usiku."

Mama anahisi miguu inaisha nguvu. Anapiga simu Bunju, na kabla hajamaliza sentensi ya pili baba ameshapandisha sauti: "Unatafuta namna ya kunichafua ili upewe mtoto." Mama naye anajibu kwa hasira ya miaka yote ya ndoa ile. Wiki inayofuata wako mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na kwenye karatasi ya malalamiko, baada ya hawara, baada ya matumizi, baada ya kiwanja cha Kerege, limeandikwa la nne: mtoto hayuko salama kwa baba yake.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika. Mtoto alimtaja anko wa chumba cha uani. Karatasi imemtaja baba. Neno la mtoto limeingia kwenye ugomvi wa wakubwa na kutoka likiwa neno jingine, nalo sasa lina upande. Baba, ambaye huenda ndiye angekuwa wa kwanza kuvunja mlango wa chumba kile, anajiandaa kujitetea. Na anko bado yuko uani.

Kazi ya baraza ni kupatanisha

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka wanandoa wasikimbilie mahakamani. Kabla ya kufungua shauri la talaka, kwa kawaida mgogoro wao lazima upitie kwanza Baraza la Usuluhishi: mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, wanaokaa katika kata, au baraza la jumuiya ya dini lililotambuliwa kisheria. Wakishindwa kupatanisha wanatoa hati, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Fomu Namba 3, na kwa hati hiyo shauri linafunguliwa ndani ya miezi sita.

Ni utaratibu wenye hekima, na ndoa nyingi zimepona hapo. Lakini jina lake linasema kazi yake. Baraza linasuluhisha, na kusuluhisha maana yake kila upande ulegeze kidogo. Mume apunguze ulevi, mke apunguze maneno, wakutane katikati. Ukatili dhidi ya mtoto hauna katikati. Hakuna kiasi cha anko kuingia chumbani kwa mtoto ambacho wazee wanaweza kukubaliana nacho. Anayelipeleka jambo hilo barazani ili lisuluhishwe amelipeleka mahali ambapo hata wajumbe wema kuliko wote hawana chombo cha kulipimia. Hawakufundishwa kuzungumza na mtoto aliyeumizwa, hawana daktari, wala hawana mamlaka ya kumkamata mtu.

Kisha kuna mwambao wenyewe na desturi zake. Huku kwetu tunajuana. Mtuhumiwa ni binamu wa mjumbe, au ndiye aliyemsomesha mwanao juzuu, au kaka yake amemuoa shangazi yako. Wenzetu wa Zanzibar wana neno moja kwa hali hiyo: muhali. Ni ile haya ya kumpeleka mbele ya sheria mtu mliyekula naye sahani moja. Muhali umevunja kesi nyingi za udhalilishaji wa watoto kisiwani, na upande huu wa maji unafanya kazi ileile hata pale tusipoutaja kwa jina. Mzee anasema, "Hili tulimalize kifamilia." Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu hapiti, maana anaishi humo humo ndani, na mtoto ndiye anayebaki naye chini ya kombe.

Njia ya pili haihitaji Fomu Namba 3

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni hili: taarifa ya mtoto ina njia yake, na njia hiyo haisubiri talaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Mtu yeyote: mama, baba, bibi, mwalimu wa darasa, ustadhi wa madrasa, mwenye duka la jirani. Afisa ustawi wa jamii akipata taarifa anaweza kumwita anayelalamikiwa na kuamua kwa kutazama maslahi ya mtoto. Hakuna mahali sheria inaposema wazazi wamalize kwanza ugomvi wao.

Pale panapoonekana kosa la jinai kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoa taarifa anapewa namba ya RB, kumbukumbu ya taarifa yake polisi, na mtoto anapelekwa hospitali na fomu ya polisi ya PF3. Kama ni ukatili wa kingono, saa zina maana kubwa: dawa za kinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Katika baadhi ya hospitali vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanamhudumia mtoto mahali pamoja ili asihangaishwe mlango kwa mlango. Na kwa mzazi asiyejua aanzie wapi, ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayopigwa bure.

Hapa daraja la Mpiji linarudi. Jambo limetokea Bunju, mtoto amesema akiwa Bagamoyo. Polisi wa Bagamoyo ni wa Mkoa wa Pwani, na Bunju iko chini ya Kanda Maalumu ya Dar es Salaam. Kuna halmashauri mbili na ofisi mbili za ustawi, na si kila kata ina afisa wake. Mzazi anaweza kurushwa kama mpira: nenda kule, hili si letu. Ushauri wa kumpa ni mmoja. Toa taarifa pale mtoto alipo leo, upate namba na jina la aliyekupokea, kisha uombe ipelekwe upande wa pili kwa maandishi. Mtoto hawezi kungoja wakubwa waamue mto ni wa nani.

Ndiyo maana nasema pawe na majalada mawili. Jalada la ndoa libebe mambo ya ndoa: nani kakosa, nyumba igawanywe vipi, matumizi yatoke kwa nani. Jalada la mtoto libebe alichosema mtoto, kwa maneno yake, lifunguliwe siku ileile, na lipelekwe na watu ambao kazi yao si kumpa ushindi mama wala baba. Mahakama ya talaka italihitaji jalada hilo na italiomba. Lakini lisizaliwe ndani ya ugomvi.

Swali la "kwa nini sasa?"

Kila mzazi anayeinua jambo hili wakati wa talaka anakutana na swali hilo. Akisema, anaulizwa kwa nini amesubiri mpaka talaka. Asiposema, siku jambo likifumuka ataulizwa kwa nini alinyamaza. Wanawake ndio wanaobanwa zaidi kwenye mlango huo, ingawa wapo akina baba pia ambao mtoto wao anaishi na baba wa kambo na wanaogopa kuonekana wanatafuta kisasi.

Jibu la "kwa nini sasa" mara nyingi ni rahisi. Mtoto anasema sasa kwa sababu sasa ndipo ana mahali pa kusemea. Alipokuwa nyumba moja na anayemwogopa, angesemea wapi? Wazazi wanapotengana anapata siku chache mbali na mkono ule, na ulimi unafunguka. Wakati huohuo kutengana kunaleta hatari mpya: nyumba ya kupanga yenye watu wengi, choo cha uani, mzazi anayerudi usiku kutoka kazini, ndugu aliyeombwa "mwangalie mtoto".

Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya nadra. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, na Chuo Kikuu cha Muhimbili, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walipata ukatili wa kimwili. Ndoa zinapovunjika, watoto hao wamo ndani yake.

Je, wapo wanaosingizia? Wapo, na kuwakana ni kuwanyima haki wanaosingiziwa. Lakini tuwaweke kwenye kipimo. Nchini Canada, watafiti Nico Trocmé na Nicholas Bala walipitia taarifa za ukatili zilizochunguzwa na maofisa wa watoto, wakachapisha matokeo mwaka 2005: taarifa zilizoonekana kutungwa kwa makusudi zilikuwa asilimia 4, na penye ugomvi wa malezi zilipanda hadi asilimia 12. Zimepanda mara tatu, basi tahadhari ina haki yake. Lakini asilimia 12 haiwezi kuwa sababu ya kufunga masikio kwa zote. Na waliotunga zaidi walikuwa wazazi wasiokaa na mtoto, si wale wanaoishi naye.

Marekani nako, Profesa Joan Meier na wenzake walichambua hukumu za miaka kumi. Ripoti yao ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba baba alipojibu kuwa mama anamlisha mtoto chuki, mahakama ziliyakubali madai ya mama ya ukatili wa kingono dhidi ya mtoto katika shauri 1 tu kati ya 51. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu kwamba hoja hiyo ya "mtoto amelishwa chuki" inatumika kuficha ukatili, akazitaka nchi ziikataze kwenye kesi za malezi. Hoja hiyo huku kwetu haina jina la kitaalamu. Inaitwa tu "mama kamfundisha." Kazi yake ni ileile.

Hakimu ana zana zaidi ya tunavyodhani

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka hakimu, anapoamua mtoto akae na nani, atangulize ustawi wa mtoto. Atazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama umri wake unamwezesha kuwa na maoni yake, na desturi za jamii yao. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa hoja. Waislamu wengi wa mwambao, wanaofuata madhehebu ya Shafi, hawatashangaa, kwa kuwa katika hadhana, kanuni za Kiislamu za malezi, nako mtoto mdogo hukaa na mama mpaka afikie umri wa kupambanua, kisha huchagua.

Sheria hiyohiyo, tangu mwaka 1971, inaitaka mahakama kila inapowezekana ipate ushauri wa mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa ustawi wa watoto. Mzazi anaweza kuiomba mahakama imwagize afisa ustawi akatembelee nyumba zote mbili na kuandika alichokiona: mtoto analala wapi, na nani, mlango unafungwa na nani. Anaweza pia kuomba amri ya muda, kwamba mpaka uchunguzi uishe mtoto asilale nyumba fulani, au amwone mzazi wake mchana tu, mbele ya mtu wanayemwamini wote wawili.

Mizani nazo ni mbili. Kesi ya jinai inataka kosa lithibitishwe pasipo shaka, na ni haki iwe hivyo, maana mtu anaweza kufungwa maisha. Suala la malezi linauliza jambo jingine: mtoto yuko salama wapi? Jalada la polisi likifungwa kwa kukosa ushahidi, hakimu wa malezi hajamaliza kazi. Vilevile cheti cha daktari kisichoonyesha alama hakimaanishi hakuna lililotokea, kwa kuwa watoto wengi waliofanyiwa ukatili hawaonyeshi jeraha lolote wanapopimwa.

Mtoto mwenyewe anaweza kusikilizwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu kusema kweli na si uongo. Mahakama ya Watoto inaketi faragha. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba katika makosa ya kingono ushahidi bora unatoka kwa aliyetendewa, ikaongeza kwamba maneno yake hayachukuliwi kama msahafu, lazima yapimwe. Yapimwe, maana yake yasitupwe kabla ya kusikika.

Namna ya kulibeba neno la mtoto

Neno hilo ni kama yai. Linavunjika mikononi mwa anayelipenda. Mama mwenye hofu anauliza maswali ishirini usiku mmoja: alikushika wapi, baba alikuwepo, baba alijua? Mtoto, akitaka kumfurahisha mama yake, anaitikia. Asubuhi neno lake limeshachanganyika na la mama, na wakili wa upande wa pili atalichana vipande.

Uliza swali moja lililo wazi: "Niambie ilikuwaje." Halafu nyamaza. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba si kosa lake. Akishalala, chukua daftari uandike maneno yake kama yalivyotoka, na tarehe, na mlipokuwa. Alisema "anko", andika anko. Kama ni jambo la karibuni, usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa kabla ya kufika hospitali. Usimrekodi video akirudia, wala usiipeleke sauti yake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana ukishaituma huwezi kuirudisha, na mtoto atakua nayo.

Usilichukulie kila badiliko kuwa ushahidi pia. Kukojoa kitandani, kulia usiku, kugomea chakula, hayo huletwa na talaka yenyewe. Ni sababu ya kumsogelea mtoto, si ya kumhukumu mtu. Na kama unaona ni lazima kumzuia asiende wikiendi hii, mzuie, lakini asubuhi inayofuata uwe kwenye ofisi ya ustawi au dawati. Anayemzuia mtoto kimya kimya ataonekana anamficha. Anayemzuia na kutoa taarifa anaonekana alivyo, mzazi anayelinda.

Kwa asiye na fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Muulize mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii namna ya kuwapata.

Kwa akina baba nina neno moja, nalo nalisema kwa heshima. Ukiambiwa mtoto ana hofu nyumbani kwako, swali la kwanza lisiwe "mama yake anataka nini?" Liwe "mtoto amesema nini?" Kukubali kumwona mbele ya mtu mwingine kwa muda si kukiri kosa. Ni kumpa mtoto nafasi ya kukupata akiwa salama. Na wazee wa mabaraza, jambo hili likitua mbele yenu katikati ya malalamiko ya ndoa, litoeni humo, mwandikieni afisa ustawi siku ileile, kisha endeleeni na kiwanja cha Kerege.

Turudi kwenye begi. Tuseme mama yule hakupiga simu kwa hasira. Aliuliza swali moja, akaandika mistari mitano nyuma ya daftari, na asubuhi akawa amekaa mbele ya afisa ustawi. Aliposoma, alisoma "anko". Afisa alimpigia baba, akamweleza jambo lilivyo: mtoto anamwogopa mpangaji wa chumba cha uani. Baba alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema kitasa cha mlango wa nyuma ni kibovu tangu mwezi wa tatu.

Polisi wa Bunju wana kazi yao sasa. Talaka inaendelea, na hao wawili bado hawaelewani kuhusu matumizi wala kiwanja. Lakini Jumamosi baba amepanda gari mwenyewe, amevuka Mpiji na mfuko wa visheti, na amekaa na binti yake barazani kwa bibi mpaka alasiri. Begi linaning'inia kwenye msumari, madaftari yamerudi ndani. Mswaki uko kwenye kikombe chake.